Msuli wa Mei Mosi

Nyie mnaosema Ismaili Winchi alikuwa mvivu, hebu nyamazeni kwanza niseme mimi. Mimi ni Somoe, muuza vitumbua wa Chikongola hapa Mtwara, na baba yangu ni mjomba wake. Tulikulia pamoja kule Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma, na kwa kuwa ni mabinamu, ni watani pia. Nimemtukana mtu huyo tangu hatujaota meno vizuri, naye kanitukana, na hakuna aliyewahi kununa. Mimi nina haki ya kumsema vibaya. Nyie hamna.

Jina la Winchi alipewa ghalani, kwenye ghala la korosho alikokuwa akifanya kibarua. Gunia la korosho watu wawili humwinulia mmoja, wakamtwisha. Yeye alikuwa akiliinua mwenyewe kutoka chini, analipitisha gotini, hop, liko begani, anaondoka nalo anapiga mluzi. Nilikuwa nikimwambia, "We Ismaili, Mungu alikunyima sura akakufidia mikono." Naye anajibu, "Na wewe akakunyima vyote akakupa mdomo." Tunacheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana wakati huo.

Mkewe aliitwa Zuhura, mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono isiyojua kutulia. Walikuwa wamezika watoto wawili kule Kitaya. Wote walifia katika kuzaliwa, na yule wa pili nusura aondoke na mama yake. Kutoka kule mpaka hospitali ni safari ya kutwa nzima ukipata gari, na hilo gari ulipate wapi? Mkunga wa hospitali ya mjini alimwambia Zuhura usoni: mama, nyonga zako nyembamba, ukipata mimba nyingine uzalie hapa hapa, ikibidi upasuliwe. Ndiyo maana walihamia Mtwara wakapanga chumba nyuma ya kwangu. Watu walidhani wamefuata taa za umeme. Walifuata mtoto.

Basi mwaka wa themanini na tatu Zuhura akashika mimba. Na mwaka huohuo, mtakumbuka wenyewe mliokuwapo, sabuni haipo, sukari haipo, khanga unaipanga foleni tangu alfajiri, na juu ya hayo yote maneno yakazagaa kwamba asiyekuwa na kazi ya kueleweka mjini atapakiwa kwenye lori arudishwe kijijini akalime. Kibarua wa ghalani hakuwa na kazi ya kueleweka. Korosho zikiisha, naye ameisha. Kwa hiyo jambo lenyewe ni hilo tu: Ismaili alitaka aandikwe kazi ya kudumu, ili siku ya mtoto ikifika wawe bado karibu na hospitali. Sikuwahi kumsikia akiomba kitu kingine.

Meneja wa ghala alikuwa Bwana Andrea, mtu wa bara, msafi, suti ya Kaunda imenyooshwa mpaka inakata. Mwezi wa tatu akawakusanya vibarua akawaambia Mei Mosi inakuja, watavuta kamba na watu wa bandari, na miaka yote bandari wanawaburuza mbele ya wakuu, aibu tupu. Akasema, safari hii timu ikishinda, wavutaji wote wataajiriwa. Kwa mdomo wake mwenyewe. Ismaili alikuja mbio mpaka jikoni kwangu, akala vitumbua vyangu bila kuomba, akasema, "Binamu, mtoto wangu anazaliwa hospitali."

"Umeshavuta?"

"Kamba tu hiyo, Somoe. Mimi siwezi kamba?"

Mazoezi akapewa Filipo, mkuu wa walinzi wa ghala, aliyewahi kuwa jeshini na hakuacha kutuambia. Asubuhi kabla ya kazi, na jioni baada ya kazi, watu wana njaa, wameshinda na uji wa muhogo. Aliwafungia kamba kwenye lori bovu la ghala, lile lisilo na injini, akajaza matofali ndani, akawaambia vuteni lipande kile kimlima cha getini. Ismaili alikuwa wa mwisho kwenye kamba, yule wanayemwita nanga. Kamba inampita chini ya kwapa, inazunguka mgongo, inarudi juu ya bega, na uzito wote ukirudi nyuma unamrudia yeye. Lori likianza kuteremka, wenzake wanaachia. Nanga haachii. Filipo alimwambia hivyo siku ya kwanza, na Ismaili alivyo, akilishika neno hulishika.

Maumivu yalianzia mbele ya bega la kulia, pale mkono unapoungana na mwili. Kwanza alidhani amelala vibaya. Kisha akashindwa kuvaa shati bila Zuhura kumshikia mkono, akashindwa kuchana nywele, akawa analalia ubavu mmoja tu. Nilimwona anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto, povu limeenea mpaka puani, nikamcheka. Hakunijibu utani. Hapo ndipo nikajua mambo yameharibika.

"Unauma vipi?" nikamuuliza.

"Kama mtu anasokota kamba humu ndani, halafu anaivuta."

"Mwambie Filipo."

"Nimemwambia. Kasema huo ni msuli unaota. Kasema hata mtoto akiota meno huumwa."

Meno! Loo, mtu mzima anadanganywa hivyo na anakubali. Lakini alikubali kwa sababu alitaka kukubali. Akisema mkono mbovu, anatolewa kwenye timu, na nyuma yake vibarua wenzake wamejipanga kumeza nafasi. Zuhura alimkanda kila jioni kwa maji ya moto na chumvi. Mimi nilimletea mafuta ya mbarika. Mzee mmoja wa mtaa wetu akamchanja chale begani akampaka masizi ya dawa, na siku mbili tatu akasema nafuu, maana chale zilimuuma kuliko bega. Halafu asubuhi anarudi tena kwenye lori. Jamani, mkono unataka kupumzika, nyie mnaukanda ili ukafanye kazi zaidi! Nilimwambia Zuhura, "Wifi, mzuie mumeo." Akaniangalia tu, mkono wake uko tumboni. Nikajiona mjinga.

Mei Mosi ikafika. Uwanja umejaa, bendera, ngoma, wakuu kivulini wanakunywa soda ambazo sisi tulikuwa tumesahau ladha yake. Watu wa bandari wakaingia, vifua hivi, mmoja tu kati yao angetosha kuvuta ghala letu na mabati yake. Mvuto wa kwanza wakatuburuza. Wa pili tukawaburuza sisi, sijui kwa nguvu gani. Wa tatu kamba ikasimama. Haiendi huku, haiendi kule, watu wamelala chali, visigino vimechimba mashimo, na mimi sauti imenikauka kwa kupiga vigelegele. Nilikuwa karibu na Ismaili, hatua chache. Niliona uso wake umekuwa wa kijivu.

Nikasikia kitu kinapasuka. Si kwa nguvu, ni kama ukivunja kijiti kibichi kilichofungwa kwenye kitambaa. Ismaili akafumba macho. Nikapiga kelele, "Achia! Ismaili, achia!" Hakuachia. Akajirusha nyuma na mwili mzima, kamba imemnasa mgongoni, wa bandari wakateleza, na ghala likashinda. Watu wakamwangukia, wakambeba juu. Walimbeba kwa mkono uleule.

Jioni nyumbani alipovua shati ndipo tukaona. Msuli wa mkono wa juu ulikuwa umeshuka, umejikusanya karibu na kiwiko, bonge zima la nyama, na juu yake pale begani pamebonyea shimo. Rangi ya damu iliyovia imeenea mpaka ndani ya mkono. Zuhura akajiziba mdomo kwa kiganja. Ismaili akasema polepole, "Hiki kitu kimekatika, Somoe. Nimekisikia kikiondoka." Miaka mingi baadaye mganga mmoja wa hospitali alinieleza kwamba kilichokatika ni kano, ule uzi mgumu unaoufunga msuli kwenye mfupa wa bega, ukikatika, msuli hauna wa kuushika, unajikunja kama soksi. Wakati ule hatukujua jina. Lakini tulijua kwamba mtu ameumia, na hilo halikutaka mganga.

Sasa sikilizeni ujinga wa binadamu. Damu ilipopotea na maumivu makali yakapungua, bonge likabaki. Ukimwona Ismaili kwa mbali amevaa singlendi, unaona msuli umevimba kuliko wa mtu yeyote Mtwara nzima. Wakaanza kumsifu! Filipo alimwita mbele ya walinzi akamkunjisha mkono, akawaambia vijana wake, "Mnaona? Hii ndiyo faida ya mazoezi. Alinililia hapa kuwa anaumwa, ningemsikiliza angekuwa na mkono huu?" Wanaume wakawa wanamgusa wakipita. Watoto wa mtaani wanamwomba awaonyeshe. Bwana Andrea alitimiza ahadi yake, tusimnyime sifa, akaandikwa kazi, akapewa kitambulisho chenye picha. Na kwa sababu ya mkono huo, akapewa kazi ya juu ya rundo: magunia yanarushwa kutoka chini, yeye juu anayadaka na kuyapanga, mpaka karibu na mabati. Kazi ya wenye nguvu kuliko wote.

Aliniambia, "Binamu, nikisema huu si msuli, wananiuliza kama si msuli ni nini."

Msimu ulikuwa bado, kwa hiyo miezi ile ya kati ilipita. Alikuwa anafagia ghala, anashona magunia matupu, anahesabiwa mfanyakazi. Tumbo la Zuhura likakua. Kila kliniki alikwenda, akirudi ananiambia, "Wamesema amekaa vizuri, wifi." Ismaili alikuwa akiweka sikio tumboni, anasema mtoto anamtukana kwa sauti yangu. Nilifurahi, siwadanganyi. Nilianza kuamini.

Kisha korosho zikaanza kuingia. Malori kutoka vijijini yamepanga mstari, magunia asubuhi mpaka jioni. Siku chache tu, mkono ukagoma. Akiunyanyua kupita kifua, unatetemeka. Akigeuza kiganja kitazame juu kupokea gunia, hauna nguvu, unajigeuza wenyewe kama wa mlevi. Akawa anadaka kwa kushoto na kifua. Akaenda kwa mganga wa ghala, yule aliyekuwa na kichumba chake cha vidonge pale getini, akamwomba apumzishwe au abadilishiwe kazi. Mganga akamwambia avue shati. Alipouona mkono akacheka mpaka akashika meza. "Wewe, na msuli huu, unataka mapumziko? Wakija wenye mikono kama yangu niwaambie nini?" Akampa aspirini akamfukuza. Ismaili alinisimulia hayo amekaa kwenye kizingiti, hatazami mtu.

Haikupita hata wiki. Gunia lilirushwa, akalinyooshea mkono, mkono ukaporomoka nalo. Likamwangukia kibarua mmoja chini, Mikaeli, likamvunja mguu. Haya! Na mwaka ule, kila kitu kikiharibika lazima aliyeharibu awe mhujumu. Ikaitwa mkutano. Bwana Andrea akamuuliza kwa nini aliachia. Ismaili akasema mkono ni mbovu tangu Mei Mosi. Ghala zima likaguna. Filipo akasimama akasema amemfundisha yeye mwenyewe, mkono ule ni mzima kuliko wa mtu yeyote humu, tatizo ni kwamba mtu akishapata ajira anaota kitambi cha roho. Wakamwambia akunje mkono, wote waone. Akakunja. Bonge likasimama. Ukawa ndio ushahidi.

Nilikwenda mpaka getini kwa meneja, nikamwita muuaji, mlinzi akanisukuma, sinia langu la vitumbua likamwagika mchangani. Bora nilisema. Kitambulisho kikachukuliwa siku ileile.

Siku chache baadaye mgambo wakapita mtaa kwa mtaa. Kwangu hawakuniuliza, wananijua, wote nawadai hela za vitumbua vya asubuhi. Kwa Ismaili wakaingia. Zuhura alikuwa katika mwezi wake wa kujifungua, miguu imevimba, anapumua kwa mdomo. Nikawaambia, mchukueni huyu mwanamume, mwacheni mke, atalala kwangu, hospitali ni pale. Mkubwa wao akasema mke anamfuata mume, na Kitaya kuna mashamba mazuri. Ismaili akapiga magoti. Mtu aliyekuwa akijitwisha gunia peke yake akapiga magoti mbele ya kijana mwenye rungu, akasema, "Mwanangu, mwache mama huyu azae tu, kisha nitamchukua mwenyewe kwa miguu." Kijana akamtazama mkono akasema, "Baba mzima, nguvu zote hizi, huoni aibu kuikimbia kazi?"

Wakapakiwa. Nikapanda na mimi. Waliniuliza wewe unakwenda wapi, nikawaambia nakwenda kuwalaani njiani, na hakuna aliyethubutu kunishusha.

Sitawaeleza njia ile. Mnaijua wenyewe, mashimo yake na vumbi lake. Uchungu ulimshika Zuhura hatujafika nusu. Ismaili alimkalisha kati ya miguu yake apunguze mitikisiko, akamkumbatia kwa mkono wa kushoto, na kila lori liliporuka Zuhura aliuma khanga. Tulifika Kitaya mchana, tukamshusha nyumbani kwa mama yake. Mkunga wa kijiji alifanya alichojua, na alijua mengi, lakini nyonga ni nyonga. Mtoto alitoka jioni kabla ya jua kuzama. Wa kike. Alilia mara moja, kilio chembamba, tukatazamana, tukaanza kucheka na kulia. Halafu hakulia tena. Tulimpuliza, tukampigapiga mgongoni, tukamwita kwa majina yote. Alikuwa ameshachoka njiani.

Zuhura alipona. Alilala amegeukia ukuta.

Kwa kuwa alilia, alistahili heshima zote za maiti. Asubuhi mama yake Zuhura na mimi tulimwosha, tukamvika sanda, kipande kidogo tu cha bafta. Wanaume walikuwa barazani wanangoja. Nikamchukua nikaenda naye mlangoni kumkabidhi baba yake. Ismaili akasogea, akanyoosha mikono yote miwili. Wa kulia ulikataa kugeuza kiganja, ukaanza kutetemeka. Akaushusha. Akanyoosha wa kushoto peke yake.

Mzee Hamisi, mjomba wake Zuhura, akasema kwa upole tu, "Kwa kulia, mwanangu. Ni mara ya mwisho unampokea mtoto wako, iwe kwa kushoto?" Kisha akautazama ule mkono, akautazama ule msuli, akasema, "Si mzito huyo."

Mungu anisamehe niliyomjibu yule mzee mbele ya maiti. Ismaili akaniambia, "Acha, Somoe. Hajui." Akanyoosha mkono wa kulia. Nikamlaza mtoto juu yake, na sikuitoa mikono yangu. Nikahisi mkono wa Ismaili unashuka, unashuka wenyewe, yeye ameuma meno jasho linamtiririka, mpaka uzito wote wa yule mtoto ukawa kwangu. Akanong'ona, "Mlongo wangu, dada yangu, usiniachie." Tukavuka kizingiti hivyo, yeye mbele, mimi nimejibana ubavuni kwake, khanga yangu imefunika mikono yangu. Nilimbeba mimi mpaka mwisho wa baraza, wanaume wakampokea wakaondoka naye.

Nyuma yetu nikasikia mtu anamwambia mwenzake, "Tazama mkono ule. Angelima, angekuwa na shamba kubwa kuliko sisi sote."